Kumpata mbia wa boti za kukodisha: mwongozo kwa anayeanza kazi hii Zanzibar na pwani

Ukitaka kumtafuta mbia wa boti za kukodisha, mtafute Aprili. Agosti usithubutu. Agosti Nungwi imejaa wageni, boti zinatoka asubuhi na kurudi mchana kuchukua wengine, na kila mtu ana uso wa furaha na hesabu nzuri mdomoni. Aprili masika yamepiga, hoteli nyingi zimefunga, kusi inaanza kuvuma, na mwenye boti amekaa barazani anajiuliza ujira wa mabaharia ataupata wapi. Mtu anayekubali kukaa nawe kuzungumza ubia mwezi huo, huku akijua hautaleta kitu, anastahili kusikilizwa.

Ninazungumzia boti, mashua na majahazi yanayokodishwa kwa wageni: safari za Mnemba, pomboo wa Kizimkazi, visiwa vya ghuba ya Menai, matembezi ya machweo, papa potwe wa Mafia, uvuvi wa burudani wa Watamu na mkondo wa Pemba. Nimefanya kazi hii Unguja miaka kumi na tatu, mara mbili nikiwa na mbia. Ubia wa kwanza ulivunjika vibaya. Wa pili unaendelea hadi leo. Haya ninayoandika nimeyapata kwenye huo uliovunjika.

Anza na unachokosa

Biashara hii inataka vitu vitatu: fedha, bahari na wateja. Fedha ni chombo chenyewe, mashine, majaketi ya kuokolea, redio, vibali na bima. Bahari ni ujuzi wa mtu anayejua miamba ilipo, mkondo unavuta wapi, na saa gani maji yakipwa hutarudi pwani bila kusukuma chombo kwa mabega. Wateja ni hoteli, waongoza watalii, na ukurasa wenu mtandaoni.

Andika kwa haki kipi unacho kweli. Wengi hujidanganya kwenye hicho cha pili. Kuzaliwa pwani hakukufanyi nahodha, na kuvua na ngalawa miaka mitano hakukupi ujuzi wa kubeba watu kumi wasiojua kuogelea.

Ubia wa kawaida kwetu ni wa tajiri na nahodha. Tajiri siku hizi mara nyingi yuko Dar, au Maskati ambako wengi wetu tuna ndugu. Anatuma fedha na kupata habari kwa sauti za WhatsApp. Nahodha yuko kijijini na chombo. Ni mpango wa kale, na wavuvi wetu wanaujua vizuri kwa mgawo wa mafungu: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Wengine huujenga juu ya mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine kazi, faida inagawanywa kwa uwiano mliokubaliana, na hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mali anapoteza mtaji wake na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Kama huo ndio mfumo mnaoutaka, mtajeni kwa jina siku ya kwanza. Nimeona watu wawili wakigombana mwaka mzima kwa sababu mmoja alidhani wako kwenye mudharaba na mwenzake alidhani wamechangia mtaji nusu kwa nusu, jasho lake likihesabiwa kuwa fedha.

Mwenye wateja ni habari nyingine. Atakuja mtu, labda anafanya kazi mapokezi ya hoteli au ni papasi, wale wanaowawinda wageni mitaani, mwenye ulimi mtamu, akuambie: nipe robo ya biashara, nitakujazia boti. Ushauri wangu ni mkali hapa. Mlipe kamisheni kwa kila safari, na mlipe siku hiyo hiyo, lakini usimpe umiliki. Wateja huhama. Meneja wa hoteli akibadilishwa, wageni wanakwenda kwa boti nyingine, na wewe umebaki na mtu mwenye robo ya chombo ambaye hana tena cha kuleta.

Waulize wanaomjua, na uanze kwa fundi mashine

Ukishajua unamtafuta mtu wa namna gani, usianze kwa kumuuliza yeye. Nenda kwa fundi wa mashine wa kijiji chake. Huyo ndiye ninayemwamini kuliko wote, kwa kuwa anajua nani huleta mashine kabla haijaharibika na nani huileta ikiwa imekwisha. Muulize: anaisafisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, au anaiacha na chumvi yake? Anafanya sevisi kila saa mia, kama watengenezaji wa mashine za nje wanavyoelekeza, au mpaka izime katikati ya safari? Mtu asiyejali impela ya pampu ya maji hatajali daftari la hesabu. Nimelithibitisha hilo mara nyingi mno kuliona kuwa bahati mbaya.

Kisha nenda kwa muuza petroli. Deni la mafuta halifichiki. Halafu kwa mabaharia waliowahi kufanya naye kazi. Usiwaulize kama ni mtu mzuri, maana watakujibu ndiyo, bali waulize waliacha kazi mwezi gani. Wakisema Mei, uliza walikuwa wanadai kiasi gani. Mwisho mwone sheha. Bara na Kenya mna vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, ambavyo viongozi wake wanajua ugomvi wote wa ufukweni.

Nahodha naye ana haki ya kufanya hivi kwa tajiri, na mara nyingi hafanyi kwa kuona haya. Usione haya. Tafuta nahodha aliyemtangulia. Muulize mashine ilipokufa tajiri alifanya nini: alituma fedha ya kununua kifaa, au alituma maneno? Alikuwa anapiga simu kila baada ya saa moja kuuliza mmepata wangapi? Tajiri wa namna hiyo atakuchosha kabla msimu haujafika nusu, hata kama ni mwaminifu kabisa.

Toka naye baharini mara tatu

Kabla ya karatasi yoyote, fanyeni safari tatu kwa makubaliano ya safari moja moja. Ya kwanza siku nzuri ya kaskazi, bahari ikiwa kama kioo cha meza, ili muonane mnavyofanya kazi. Ya pili siku ya kusi, wakati uamuzi wa kutoka au kubaki ni mgumu. Ya tatu muwe na mteja msumbufu. Hamtahitaji kumtafuta, atakuja mwenyewe.

Angalia mambo madogo. Wageni wakitaka pomboo wafukuzwe mpaka karibu, na pomboo wamekwisha kugeuka kuondoka, mwenzako anaongeza mwendo au anazima mashine na kuwaeleza? Kizimkazi iko ndani ya hifadhi ya ghuba ya Menai iliyoanzishwa mwaka 1997, na pomboo wale ndio wanaotulisha sote. Kama nyinyi wawili hamuoni jambo hilo kwa jicho moja, mtagombana kila wiki mbele ya wageni. Angalia pia kama anahesabu watu kabla ya kung'oa nanga. Angalia kama majaketi yanavaliwa au yamefungwa chini ya benchi kwa kamba.

Safari ya pili ndiyo yenye uzito, nami nitaeleza kwa nini.

Septemba moja tulikuwa na wageni kumi na wawili waliokwisha kulipia safari ya Mnemba. Kusi ilikuwa kali, mawimbi yakipasuka mwambani. Nilisema hatutoki. Mbia wangu wa kwanza alikuwa mjini, akanipigia simu. "Kaka, hao wameshalipa, na tukiwarudisha, hoteli haitatupa wageni tena. Nenda taratibu tu." Nilikwenda. Hatukuzama. Lakini wimbi moja lilitunyanyua vibaya wakati tunageuka, na mama mmoja akaanguka kwenye ukingo wa boti akavunjika mkono. Nilikuwa nahodha, na kosa ni langu. Sijawahi kulitupia mtu mwingine. Lakini usiku ule nilifahamu kwamba sisi wawili hatukuwa tumekubaliana jambo kubwa kuliko yote: nani ana kauli ya mwisho ya kusema leo hatutoki.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wabia wawili wanaweza kushauriana kuhusu bei, rangi ya boti, hoteli ya kufanya nayo kazi. Kuhusu bahari, kauli ni ya nahodha aliye kwenye chombo, na aliye nchi kavu hana kura. Liandikeni. Na liandikeni pamoja na fedha yake, kwa sababu hapo ndipo penye mtihani: safari ikifutwa kwa sababu ya bahari, mgeni anarudishiwa fedha yote au anapewa siku nyingine, mabaharia wanapata nusu ya ujira, na hasara inaingia kwenye biashara. Isiingie kwenye fungu la nahodha. Nahodha akijua kwamba kusema hapana kutamkata yeye peke yake, siku moja atasema ndiyo.

Idadi ya abiria nayo ni hivyo hivyo. Jioni ya tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyobeba watu waliokuwa kwenye sherehe ilipinduka Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda. Ilikuwa imezidisha watu na haikuwa na leseni halali. Zaidi ya watu 30 walikufa, na mwenye boti alikuwa mmoja wao. Sisi Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tulizika watu wetu wa meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011. Muulize mtu unayemfikiria kuwa mbia: wakija watu kumi na wanne na cheti kinasema kumi, utafanyaje? Akikujibu kwa "inategemea", mshukuru kwa muda wake na uagane naye kwa wema.

Kokotoeni mwezi mzuri na mwezi mtupu kabla ya kugawana chochote

Kaeni na kalamu. Nitatumia tarakimu za mfano. Nyinyi wekeni zenu.

Tuseme boti yenu inakodishwa shilingi 250,000 kwa safari. Mafuta na chakula ni 80,000, kamisheni 25,000. Mabaharia na nahodha mnawalipa kwa mwezi, jumla 900,000. Mwezi mzuri mnapata safari 20. Mapato ni 5,000,000. Toeni mafuta na chakula 1,600,000, kamisheni 500,000 na ujira 900,000. Inabaki 2,000,000. Hapo watu wengi hugawana milioni moja moja na kufurahi.

Sasa chukueni Aprili, safari 3. Mapato 750,000. Mafuta na chakula 240,000, kamisheni 75,000, inabaki 435,000. Ujira ni ule ule 900,000. Mmepungukiwa 465,000, na Mei itakuwa hivyo hivyo au zaidi. Na bado mashine inazeeka, na ikifa itakufa msimu ukiwa juu, maana ndipo inapofanya kazi.

Hesabu hii ndiyo inayowapambanua watu. Mmoja atasema: tuweke akiba. Mwingine atasema: Mungu ataleta. Wote tunamtegemea Mungu, lakini huyo asiyeweka akiba atakuja kukukopa Aprili. Mimi na mbia wangu wa sasa tunatoa asilimia 20 ya kinachobaki kila mwezi kwa ajili ya mashine, na asilimia 20 nyingine Julai, Agosti na Desemba mpaka Februari kwa ajili ya miezi mitupu. Katika mfano ule, ni 800,000 zinawekwa na 1,200,000 zinagawanywa. Inauma kidogo Agosti. Aprili tunalala.

Njia nyingine ni kuacha mishahara na kurudi kwenye mafungu, mabaharia wapate sehemu ya kila safari. Ni nafuu kwenu miezi mitupu, lakini jueni kwamba baharia mzuri asiyepata kitu Aprili atakwenda kuvua au kujenga, na Juni hatarudi. Mkiamua hivyo, amueni pamoja na mabaharia wenyewe wakiwepo.

Fedha zote zipite kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la biashara. Namba ya simu ya mtu mmoja isitumike hata siku moja, hata kama "mtandao unasumbua". Na kila safari iandikwe: tarehe, idadi ya watu, lita za mafuta, nani alileta wateja, kiasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la karatasi linatosha, lipigwe picha kila jioni na kutumwa kwa mwenzako. Tajiri aliye mbali akipata picha hiyo kila siku, zile simu za kila saa hukoma zenyewe.

Karatasi

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa mwanasheria mmoja mzuri ataifanya kazi hii kwa siku mbili ikiwa mmekwisha kukubaliana yaliyotangulia.

Ubia usiosajiliwa kuwa kampuni una hatari moja watu hawaijui: deni la biashara ni deni la kila mbia, mpaka kwenye nyumba yake. Mwenzako akikopa vipuri kwa jina la biashara akatoweka, mdai atakuja kwako. Na msipoandika mgawo wa faida, sheria huchukulia kwamba ni sawa kwa sawa, hata kama mmoja alitoa mtaji mara tatu. Kwa boti inayobeba watu, mimi ningependelea kampuni yenye ukomo wa dhima, hata kama ni ndogo. Zanzibar usajili wa biashara ni BPRA na mambo ya chombo ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Bara ni BRELA kwa biashara na TASAC kwa chombo. Kenya biashara husajiliwa kupitia eCitizen na chombo kiko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Chombo kisajiliwe kwa jina la biashara. Kikiwa kwa jina la mtu mmoja, mwingine hana chombo, ana ahadi.

Bima msiiache, na muisome inafunika abiria wangapi na maji gani. Boti yenye bima ya abiria kumi ikibeba kumi na mmoja, mtakuwa mmelipa bure.

Kama mbia ni mgeni kutoka nje ya nchi, ubia unawezekana na wako wanaofanya vizuri sana. Lakini atakapokuambia uweke biashara kwa jina lako halafu mpate karatasi ya siri ya pembeni, kataa. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, mojawapo kuongoza watalii, na raia anayemsaidia kukwepa naye anaadhibiwa. Mkianza kwa kuficha, siku mkigombana hamna mahakama ya kwenda. Mwambie kwa heshima akaulize mamlaka ya uwekezaji ni njia ipi halali kwake, kisha mrudi mzungumze.

Siku ya kuachana, na siku ya kifo

Wengi hawataki kulitaja hili wanapoanza, wanaona ni kama kuomba mabaya. Mimi naliona kuwa ni heshima kwa watoto wa mwenzako.

Mbia akifa, sehemu yake ni mirathi. Nimeona chombo kizuri, mashine mpya, kikiuzwa ufukweni kwa bei ya kuni kwa sababu warithi walikuwa saba, kila mmoja ana haki yake, na hakuna aliyejua kiasi gani ni cha marehemu na kiasi gani ni cha mbia aliye hai. Hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa na karatasi. Basi andikeni: aliye hai ana haki ya kwanza ya kununua sehemu ya marehemu, kwa bei itakayokadiriwa na mafundi wawili, mmoja wa kila upande, na muda wa kulipa, kwa mfano miezi kumi na miwili, ili msimu mzima upite. Msomeeni mke au mume na mtoto mkubwa wa kila upande maneno hayo, wayasikie mkiwa wote hai. Mnaofuata sheria ya mirathi ya Kiislamu, mpelekeeni kadhi ayaone kabla ya kutia saini.

Anayetaka kutoka kwa hiari yake afuate njia hiyo hiyo, ila asitoke katikati ya msimu. Sisi tumeandika kwamba notisi hutolewa baada ya Februari, na hesabu hukamilika kabla ya Juni.

Hesabu ya mwaka ifanyeni chombo kikiwa nchi kavu. Kwetu ni Mei, siku za bamvua, maji yakijaa sana tunakipandisha juu, yakipwa tunakiegesha kwa magogo. Fundi anapita na nyundo ndogo akigonga ubao mmoja mmoja, anasema huu mzima, huu wa kubadilisha. Vijana wanakalafati, yaani wanaziba nafasi kati ya mbao, wanapaka sifa (mafuta ya samaki) juu na deheni (mchanganyiko wa chokaa na mafuta) chini. Mbia wangu hupanda boti ya Azam kutoka Dar kwa siku hizo tatu. Tunasimama wote chini ya chombo, tunaona kwa macho kile akiba yetu inachokwenda kulipia, kisha tunakaa kivulini na daftari, tunaanza Juni ya mwaka uliopita.